Waya wa Ukutani kwa Hajati Kulthum

Simu ile ilikatwa zamani, kabla Dolphine Sifuna hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kuiunganisha tena. Kwa hiyo Komakech, fundi wa kampuni ya intaneti, alipobana simu yake ya kupimia kwenye waya uliochungulia ukutani, alitarajia kimya. Akasikia mtu anavuta pumzi. Akaitoa simu sikioni, akaikagua, akairudisha. Pumzi ilikuwa pale pale, ya taratibu, ya mtu aliyesimama karibu sana akisikiliza.

"Madamu," akasema kwa sauti ya chini, "hii waya iko na mutu."

Dolphine hakuinua macho kutoka kwenye kucha zake. "Iko na mtu ama iko na intaneti? Mimi niliitisha intaneti."

Huyo ndiye Dolphine. Alikuwa Mkenya, mtu wa Bungoma, na alikuwa amekaa Kampala muda wa kutosha kupata kazi na nyumba nzuri, lakini haukutosha kumfundisha kumheshimu mtu. Watu wa sokoni aliwacheka kwa Kiswahili chao. Waislamu wa mtaani aliwacheka kwa ubani wao. Mchuuzi akibisha na nyanya zake, jirani akija kuomba chumvi, Saverio, askari wa geti, alitumwa na jibu moja, tena Dolphine alilitoa bila kugeuza shingo: "Mwambie arudi kesho." Kesho yake ikifika, jibu lilikuwa lile lile.

Ila alikuwa na sauti nyingine, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Alipokea simu za wateja wa kampuni moja ya mahoteli ya Nairobi, na akishavaa hedifoni masikioni, yule mwanamke wa kusonya aliondoka akaja mwingine. "Karibu sana, unaongea na Dolphine, nikusaidie nini?" Watu waliokuja juu kwa hasira walikata simu wakiomba msamaha. Mzungu mmoja alimwombea baraka. Hakuna aliyejua kwamba Dolphine, huku akimbembeleza, alikuwa amebetua mdomo kama anayenusa maziwa yaliyochacha.

Mtu mwingine mmoja tu aliyepewa sauti hiyo alikuwa mama yake, Nanyama, aliyeishi Kyebando kwa Nashon, kaka yake Dolphine. Bibi huyo macho yalikuwa yamekwisha kwa presha ya macho, na tangu giza lilipomfunika, watoto wake aliwajua kwa kusikia. Kisugu, alikokaa Dolphine, na Kyebando ni mji mmoja, boda inakufikisha kabla chai haijapoa, lakini Dolphine hakwenda. Alikuwa na sababu zake: vumbi, foleni, na Ayoo, mke wa Nashon, anayepika kwa mkaa ndani. Badala yake alipiga simu kila jioni. Bibi alikaa barazani tangu jua lilipoanza kushuka, simu imelala mapajani, akisubiri. Ile sauti ndiyo iliyokuwa binti yake. Hakuwa na binti mwingine wa kumwona.

Sasa kampuni ilikuwa imefunga ofisi yake ya mjini na kuwaambia wafanyakazi wafanyie kazi majumbani. Mwenye mtandao mzuri abaki, asiye nao aage. Na nyumba aliyopanga Dolphine, nusu ya mbele ya nyumba ya Hajati Kulthum, ilijengwa na babu mfanyabiashara aliyetoka pwani na aliyeogopa wezi kuliko Mungu. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba intaneti ya simu ilifia mlangoni. Kampuni ya intaneti nayo, werevu wa karne hii, ilikataa kwa wiki kadhaa kuleta waya mpya, kwa sababu kwenye ramani yao nyumba hiyo tayari ilikuwa na laini. Ndiyo, ilikuwa nayo: simu nyeusi ya kuzungusha namba kwa kidole, iliyotundikwa ukumbini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Dolphine aliwaeleza hayo, wakamwambia azime kisha awashe.

Mwishowe wakamtuma Komakech, na sasa Komakech naye anasikia watu ndani ya ukuta.

"Lete hapa," Dolphine akasema. Akamnyang'anya ile simu ya kupimia. Kweli, kulikuwa na pumzi. Akamkonyeza fundi, na kwa mzaha akaitoa ile sauti yake ya kazini, yote, bila kuibania: "Karibu sana, unaongea na Dolphine, nikusaidie nini?"

Pumzi ikakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali ambapo hakutarajia kujulikana. Kisha kule ukumbini, chini ya kitambaa cha kufuma, kile kibao cha namba kikazunguka chenyewe, krrrr, kikarudi. Harufu ikaingia sebuleni, ya shaba iliyolowa na nywele zilizoungua.

Hajati Kulthum akatokea mlangoni, kanga imemwanguka begani. "Nani ameongea naye?"

"Na nani, Hajati?" Dolphine akauliza kwa upole wa kumchezea mtu mzima.

Hajati aliuchomoa mkono wa simu ya kupimia vidoleni mwa Dolphine, akausogeza mdomoni, akasema, "Asalamu aleikum, ndugu yetu. Tulia." Akangoja. Kisha akabandua vibanio mwenyewe na kukaa kwenye kiti. Ndipo akawaeleza, kwa sauti ya kunong'ona, kama ukuta ulikuwa umelala na hakutaka kuuamsha.

"Mdogo wangu Farhana alikuwa anaimba kasida. Akiimba kwenye maulidi, Nateete nzima inanyamaza. Kikampanda kitu, kikawa kinasema kwa mdomo wake. Wakati huo ni vita, njia zimefungwa, na maalim aliyekiweza yuko Mombasa. Marehemu baba akampigia simu hiyo. Maalim akawa anasoma kule, sisi huku tumemshika Farhana, mkono wa simu sikioni kwake. Kikatoka. Kikaingia ndani ya waya, kinakwenda kwa maalim, na maalim yuko tayari na chupa yake. Hakijafika, simu ikakatika. Watu walikuwa wameiba waya wa barabarani."

"Eeh," Komakech akasema.

"Kikabaki hapo. Kutoka ukutani mpaka getini, basi. Hakina mbele, hakina nyuma."

"Na Farhana, Hajati?" fundi akauliza.

"Alipona. Lakini hakuimba tena mpaka tumemzika. Kilitoka na sauti yake." Hajati akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kila Alhamisi nakifukizia ubani, nakipa salamu ya Mungu, kinatulia. Siku nyingine nikinyanyua simu, mdogo wangu namsikia anaimba, mbali sana. Wewe mwanangu, pitisha waya wako dirishani. Huo wa ukutani usiuguse. Na usikisemeshe kwa utamu tena. Sauti nzuri ndiyo chakula chake."

"Sawa, Hajati," Dolphine akasema, na mwanamke yule alipogeuka tu, akasonya. Jini limekwama ndani ya waya kwa sababu ya wezi wa shaba! Hata mashetani wa Kampala walikuwa wanakwama kwenye foleni.

Dirishani hakutaka. Kupitisha waya dirishani ni kuliacha wazi, mbu waingie na wezi wachungulie. Alingoja Hajati alipokwenda Nateete kwenye arobaini ya jamaa yake, akampigia Komakech arudi. Mafundi wana njia yao kwa nyumba za namna hii: badala ya kutoboa ukuta, unafunga waya mpya kwenye mkia wa waya wa zamani, unavuta wa zamani upande wa pili, na mpya unaufuata ndani ya bomba lile lile. Kazi ya kukohoa mara moja.

"Madamu, mimi naogopa," Komakech akasema. "Mama alikataa."

"Wewe ni fundi ama ni muumini? Kama unaogopa waya, si uende ulime mihogo?"

Kijana wa watu akafunga waya mpya wa faiba kwenye shaba kuukuu, fundo juu ya fundo, akazungushia utepe mweusi, akatoka nje kwenda kuvuta. Waya haukutaka. Akavuta kwa uzito wa mwili wote, nao ukamvuta yeye, akajigonga ukutani. Akamwita Saverio wa geti wasaidiane. Ukashikilia, ukashikilia, halafu ukalegea wote kwa mkupuo, na kutoka kwenye tundu la ukuta ikatoka pumzi ndefu, ya mtu aliyevua viatu vilivyombana maisha yake yote. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikapita usoni kwa Dolphine na kuelekea mezani, kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti alichokuja nacho fundi.

Komakech aliizungusha ile shaba kwenye kiwiko, akaitupa kwenye begi lake, akaondoka bila kunywa maji. Taa za ruta zikawaka kijani, zote. Intaneti ilikuwa safi ajabu. Dolphine alifungulia muziki kwa sauti ya juu, kwa ajili ya ukuta na mizimu yake.

Hajati aliporudi alinyanyua mkono wa ile simu nyeusi, akasema salamu, akangoja. Akasema tena. Akabaki amesimama pale ukumbini, mkono wa simu sikioni, mzee wa watu, kama aliyefiwa upya. Dolphine alimpita akienda jikoni na kujifanya hamnazo.

Ajabu ya kwanza aliiona kazini. Aliacha laptopu wazi, akaenda kuoga, na aliporudi akakuta kuna simu zilizopokelewa. Zilikuwa zimepokelewa vizuri, tena kila mteja ametoa nyota zote. Msimamizi wake, Whitney, alimwandikia kutoka Nairobi: "Dolphine, leo umetuua. Yule mama wa harusi amelia kwa furaha."

Dolphine hakuwa amezungumza na mama yeyote wa harusi.

Mwenye akili angezima kila kitu. Angalau angekwenda kubisha mlango wa pili, kwa Hajati. Lakini dharau ni kilevi, na Dolphine alikuwa amelewa siku nyingi. Kesho yake alikaa makusudi bila kuvaa hedifoni. Simu ikaita, ikapokewa. Kutoka kwenye vile visikilizio vilivyolala mezani ikasikika sauti ndogo, ya kwake kabisa, na pale anapobana pua ikabana, na pale anapocheka ikacheka. Mwili ulimsisimka, hilo lisifichwe. Kisha akaangua kicheko. Kama kuna mjinga anataka kufanya kazi bure, nani amzuie? Akajinyoosha kwenye kochi kupaka kucha rangi. Kila alipopita karibu na ruta aliipiga kofi la kichwani, kama unavyompiga mtumishi mzembe. "Chapa kazi, Mombasa," akaiambia.

Zikapita siku za raha. Alilala mchana. Alinenepa. Jambo moja tu lilimkera: sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Akimwita Saverio, Saverio alishtuka kama aliyetukanwa, hata pale alipotumwa mkate tu. Alidhani ni mafua.

Basi jioni moja, muda wa kumpigia mama ulipofika, alijiona amechoka kwa uvivu. Angeanza tena kueleza amekula nini, amevaa nini, Mungu ni mwema. Akaitazama ruta na taa zake za kijani, akabetua mdomo.

"Na mama yangu umpigie pia, basi. Si unapenda kuongea?"

Taa zote zikazima mara moja, zikawaka tena. Dolphine akageukia ukuta, akalala.

Nashon ndiye aliyempigia siku kadhaa baadaye, mchana, akiwa dukani kwake Nateete, na nyuma yake makelele ya stendi. "Dada, nataka nikushukuru. Nilikuwa nasema wewe una roho ngumu, lakini hivi sasa mama ni mtu mwingine. Kila jioni saa nzima! Na hizo nyimbo unazomwimbia, ulijifunzia wapi? Ayoo anasema ni kama za Waislamu, lakini mama hataki kusikia. Anasema binti yake amerudi."

Dolphine akakata simu. Yeye hakuwa amempigia mama tangu ile jioni.

Alingoja jua lishuke. Mvua ilikuwa imefunga juu ya Kisugu, umeme ukakatika mtaa mzima, friji ikanyamaza, na katika giza lile la kijivu aliona kwamba ruta peke yake, isiyo na betri wala chochote cha kuishikilia, ilikuwa bado inawaka. Akasogea. Harufu ilikuwa imerudi, nzito safari hii, ya shaba na nywele, na chini yake ubani mkuukuu. Akachukua hedifoni, akavaa, na hapo akajisikia mwenyewe akizungumza na mama yake, akimwuliza kama mguu bado unauma, akimkumbusha anywe dawa, akimcheka kwa upendo pale bibi alipolalamikia ugali wa Ayoo, maneno ambayo yeye Dolphine hakuwahi kuyasema hata alipokuwa mtoto mwema, maneno matamu yasiyoharakishwa, na mama akijibu, "Ndiyo mwanangu, ndiyo mama yangu," kwa sauti ya mtu aliyekuwa na njaa miaka mingi na sasa anakula, na nyuma ya maneno hayo, kama mtu anayepiga pasi huku akivuma wimbo, kasida ya zamani ilipanda na kushuka, sauti ya msichana aliyezikwa, nzuri hata Dolphine alihisi machozi yanamtoka kabla hofu haijamfika vizuri, na ilipomfika ilimfika yote, akapiga kelele, "Mama! Mama, si mimi huyo! Kata simu!"

Lakini kilichotoka kooni hakikuwa kelele ya binti. Kilikuwa ile sauti ya getini, kavu, ya pembe ya mdomo, na "Mama" ilitoka kama tusi.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Laini zimeingiliana, mama," ile sauti tamu ikasema. "Subiri kidogo." Kisha ikageuka, Dolphine akaihisi inageuka ndani ya masikio yake, na ikamwambia yeye, kwa adabu yote: "Karibu sana, unaongea na Dolphine. Nikusaidie nini?"

Alizirarua hedifoni kichwani pamoja na wigi. Akakimbilia mlango wa Hajati bila viatu, akabisha kwa ngumi.

Asubuhi Hajati alimleta kaka yake, Maalim Hamdun, mwalimu wa madrasa mwenye tumbo na subira ndogo. Walikuja na chetezo na bakuli la maji. Maalim alisikiliza habari nzima akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alimtazama Dolphine juu chini, kama yeye alivyowatazama watu wengi.

"Ulikipa wateja," akasema. "Kisha ukakipa mama yako. Kwa mdomo wako."

"Nilikuwa natania," Dolphine akasema. Ilitoka kama anamtukana. Akajishika koo. "Samahani, Maalim, sijui kwa nini…" Hiyo pia ikatoka kwa kejeli. Machozi yalikuwa yanamshuka huku sauti yake inamdhihaki mzee wa watu.

"Nyamaza tu, binti. Usemayo yananiudhi."

Akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu, mkono juu ya ruta, Hajati akizungusha chetezo, moshi ukijaa. Taa zikawa nyekundu. Meza ikatetemeka, maji yakachemka ndani ya bakuli bila moto, na ukutani, ndani ya lile bomba, kitu kikakwaruza kwenda na kurudi kama panya mkubwa. Hajati alimshika Dolphine mkono. Ikaonekana kinashindwa. Halafu kutoka kwenye hedifoni zilizolala sakafuni ikatoka ile sauti, laini, yenye tabasamu:

"Tunathamini simu yako. Tafadhali subiri."

Ukafuata muziki. Kasida, kwa sauti ya Farhana.

Hajati akaangusha chetezo. Maalim Hamdun alifuta jasho lililomjaa kwenye ndevu, na Dolphine akaona kwamba mzee ameaibika.

"Kinanicheka," akasema. "Uko wapi ule waya wa zamani? Siwezi kukitoa bila kukipa pa kwenda. Kilizoea shaba. Nitakirudisha kwenye shaba yake, nikifungie kwenye chungu, tukizike."

Wakampigia Komakech. Komakech aliposikia sauti ya Dolphine alitaka kukata simu, Hajati akaichukua. "Mama, nisamehe," fundi akasema. "Mimi niliuza hiyo waya Katwe, kwa watu wa chuma chakavu, siku ile ile. Wameshayeyusha. Sasa hivi ni sufuria."

Hatimaye Maalim akauinua ule uzi mwembamba wa faiba, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni kioo," akasema. "Shaba ile ilikuwa na ncha mbili, zote zimekatwa. Huu wako una ncha ngapi?"

Dolphine hakujua.

"Basi mimi pia sijui." Akachukua mkasi wa kushonea wa Hajati, akaukata. Taa zikazima. Harufu ikaondoka palepale, na nyumba ikawa nyepesi, nyumba tu, na jua la saa nne linaingia dirishani. "Humu hakimo tena. Lakini sauti yako kilikuwa nayo mkononi wakati kinatoka. Mkimbilie mama yako, kama anakujua kwa kitu kingine."

Akitoka nje alimpita Hajati ukumbini, amekaa chini ya simu nyeusi, mkono wa simu mapajani. "Mimi nilibaki na kidogo cha mdogo wangu," Hajati akasema bila kumtazama. "Ulinidharau ukaniondolea hicho." Dolphine alitaka kumwomba radhi. Akajizuia, akijua itakavyotoka.

Simu yake ikaita akiwa juu ya boda. Ni Whitney. Alipopokea na kusema halo, Whitney akauliza, "Wewe ni nani? Nipe Dolphine." Kisha, kabla hajajibu, "Ah, usijali, amepiga kwa laini nyingine." Simu ikakatwa.

Kyebando alikuta geti wazi. Nashon alikuwa Nateete, Ayoo sokoni. Bibi Nanyama alikuwa barazani juani, mapema kuliko kawaida yake, miguu imenyooka kwenye mkeka, simu imekaa kwenye kiganja chake na kipaza sauti kimewashwa kama wazee wanavyopenda. Alikuwa anacheka. Alikuwa amenawiri, na Dolphine akatambua kwamba hajui ni lini mara ya mwisho alimwona mama yake akicheka, kwa kuwa hajui ni lini mara ya mwisho alimwona.

"Nani hapo?" bibi akauliza, akigeuza uso kuelekea vishindo.

Dolphine akapiga magoti mkekani. Aliyapanga maneno kwanza, akayalainisha moyoni, akayasema polepole: "Mama. Ni mimi, Dolphine."

Yalitoka makavu, yamebetuka, na kila neno lilimsonya yule bibi usoni. Bibi akajivuta nyuma. Dolphine akamshika mikono, akaiweka usoni pake, kwenye nywele zake, kwenye mashavu yake, analia bila sauti ili mdomo usimharibie. Vidole vya mama vikapapasa. Vilipita kwenye wigi la plastiki. Vilipita kwenye zile kucha ndefu za kubandika. Vilitafuta mahali pa kukumbuka, na havikupata, maana tangu macho yafe binti huyu hakuwahi kuja kuguswa.

"Hii mikono siijui," bibi akasema, kwa masikitiko ya mtu mwema. Akainua simu karibu na mdomo. "Mwanangu, hapa kuna mwanamke analia. Anasema eti yeye ndiye wewe. Sauti yake mbaya, inaniogopesha. Nimfanyeje?"

Ndani ya simu Dolphine akasikia mtu anavuta pumzi, taratibu, bila haraka yoyote.

"Usiogope, mama," ile sauti ya asali ikasema. "Mwambie arudi kesho."

Na yule bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni, akamgeukia binti yake kwa upole.

"Umesikia, mama? Rudi kesho."